Nico Harrison Ametimuliwa, Lakini Swali Bado Liko: Anthony Davis ni Namba 4 ama Namba 5?

Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, Dallas Mavericks walimfuta kazi meneja wao mkuu, Nico Harrison. Timu ilikuwa imeshinda mechi 3 na kupoteza 8. Usiku wa kuamkia hiyo siku walikuwa wamechapwa na Milwaukee Bucks 116-114 wakiwa kwao nyumbani, na mashabiki wakaimba ile chorus yao ya tangu Februari: Nico atoke. Sasa ametoka. Mtandao umesherehekea kama siku HELB imeingia.

Kama umesahau venye tulifika hapa, wacha nikukumbushe. Jumapili tarehe 2 Februari, saa mbili na kitu asubuhi saa za Nairobi, watu wakijipanga kuenda kanisa na wengine ndio wanaingia kwa keja kutoka sherehe, Shams Charania wa ESPN akaandika kwamba Luka Dončić anaenda Los Angeles Lakers na Anthony Davis anaenda Dallas. Watu walidhani akaunti yake imedukuliwa. Luka alikuwa na miaka 25, na miezi 8 tu mapema alikuwa ameipeleka Dallas fainali ya NBA. Davis alikuwa na 31, akikaribia 32. Hakuna mtu alikuwa anauliza hiyo dili, hakuna tetesi, hakuna chochote.

Stori ya Luka imeandikwa hadi imechoka. Uzito wake, mkataba wake, machozi yake siku aliporudi Dallas, yote unajua. Mi nataka tuingie kwa kitu kimoja ambacho wasee wengi walikiruka: ndani ya hiyo dili kulikuwa na imani kwamba Anthony Davis ni namba 4, si namba 5.

Angalia. Dallas tayari ilikuwa na Dereck Lively na Daniel Gafford. Hao wote ni masenta wa kukaa chini ya ringi, kuruka, kublock, kudunk. Ukileta Davis hapo, mahali pa kumweka ni kando yao, kwa namba 4. Na Davis mwenyewe amekuwa akitaka hivo miaka na mikaka. Julai 2019, siku Lakers walimtambulisha kwa waandishi, alisema wazi kwamba yeye anapenda kucheza namba 4 na hapendi sana namba 5, ingawa kocha akimhitaji pale atacheza. Na Januari 2025, siku chache kabla ya dili, aliambia ESPN kwamba Lakers wanahitaji kuleta mtu mwingine mkubwa ili yeye arudi namba 4. Lakers walimjibu kwa kumtuma Texas.

Kwa hivyo usichukulie hii kama stori ya jaba. Swali la "huyu msee achezeshwe wapi" lilikuwa ndani ya dili iliyobadilisha timu mbili na kumla mtu kazi. Na ni swali ambalo takwimu zinaweza kusaidia kujibu, mradi ujue zile za kuamini na zile za kuangalia kwa jicho moja.

Namba ni nini kwanza

Kwa kikapu tunahesabu 1 mpaka 5. Namba 1 ndiye anaendesha gari. Namba 2 na 3 ni wa pembeni. Namba 4 ni mkubwa mwenye anaweza kutoka nje kidogo. Namba 5 ni senta, ndiye mlango wa nyumba.

Shida ni kwamba NBA haina karani anayeandika "dakika hii Davis alikuwa namba 4." Zile tovuti za takwimu zinakisia tu kutokana na wenye wako uwanjani. Davis akiwa na Lively, Lively anahesabiwa 5 na Davis 4. Lively akienda kukaa benchi na aingie mfupi, Davis anageuka kuwa 5 bila hata kusonga hatua moja. Ndio maana ukifungua tovuti mbili tofauti unaweza kupata asilimia mbili tofauti za dakika zake kwa kila namba, na zote zinajiamini.

Kwa hivyo ukisikia mtu anabishana kuhusu namba, jua kwa ukweli anabishana kuhusu vitu vinne. Uko na nani uwanjani? Unamkaba nani? Timu ikishambulia unasimama wapi? Na nani anakukaba wewe? Hiyo ya mwisho watu husahau, na ndiyo tamu. Davis akiwa 5, anakabwa na senta wa wapinzani, ambaye mara nyingi ni mzito kuliko yeye na ako slow. Davis akiwa 4, anakabwa na mtu mwepesi, na yule mzito anabaki akizubaa chini ya ringi akingoja Davis aje kumgonga.

Kuna sababu Davis anajiona namba 4, na si madharau. Akiwa shule ya upili Chicago alikuwa gadi wa kawaida, halafu akarefuka karibu inchi 8 kwa kipindi kifupi hadi akafika futi 6 na inchi 10. Mikono yake ilijifunza kazi ya gadi kabla mwili haujakuwa wa senta. Mtu kama huyo ukimwambia akae chini ya ringi apigane viwiko na majitu usiku 82 kwa mwaka, anaona ni kama umemshusha cheo.

Mtego wa pointi kwa mechi

Sasa takwimu. Wengi wetu tukitaka kujua kama mchezaji ako fiti tunaangalia pointi kwa mechi. Jaribu na Davis uone venye inakuangusha.

Msimu wa 2019-20, Lakers wakiwa na JaVale McGee na Dwight Howard, Davis alianza mechi nyingi kama namba 4. Aliweka pointi 26.1 kwa mechi. Msimu wa 2022-23 alikuwa senta karibu muda wote. Pointi 25.9. Msimu wa 2023-24, senta tena, 24.7. Buda, hiyo ni kitu kimoja. Ukiangalia pointi pekee utasema namba haina maana, twende nyumbani.

Angalia ribaundi sasa. Kutoka 9.3 ile 2019-20 hadi 12.5 na baadaye 12.6. Hapo mtu wa namba 5 anaruka na kupiga kelele, "umeona!" Tulia. Ukimweka askari kwa geti, atafungua geti mara nyingi kuliko yule anazunguka nyuma ya ploti. Haimaanishi yeye ni askari bora, inamaanisha umemweka kwa geti. Ribaundi nyingi zinaanguka karibu na ringi, na senta anakaa karibu na ringi. Namba imebadilika kwa sababu kazi imebadilika. Swali ni kama timu nzima ilipata ribaundi zaidi, na hilo halionekani kwa mstari wa mchezaji mmoja.

Mahali pa kuangalia ni hapa. Mwaka wa 2019-20 aliingiza asilimia 50.3 ya mashuti yake. Mwaka wa 2022-23 ikawa 56.3, na mwaka uliofuata 55.6. Pointi zilezile, mipira michache imepotea. Hiyo ni faida ya ukweli kwa timu, kwa sababu kila shuti linalokosa ni zamu mmeacha mezani.

Lakini pia usikimbie. Hiyo asilimia ilipanda kwa sababu aliacha kurusha kutoka mbali. Ile 2019-20 alikuwa anajaribu za pointi tatu 3.5 kwa mechi. Miaka ya usenta ilishuka hadi 1.3 na 1.4. Yaani alibadilisha menyu. Na hapo ndipo hesabu yenyewe iko.

Hesabu ya shuti la mbali

Hii ni hesabu ya darasa la sita, usiogope. Mimi mwenyewe niliacha campus kabla ya kumaliza, na nakuahidi hakuna kitu hapa itakuhitaji digrii.

Shuti la pointi tatu ukiingiza asilimia 27, kila jaribio linakupa 3 mara 0.27, yaani pointi 0.81. Shuti la pointi mbili ukiingiza asilimia 56, linakupa 1.12. Kwa hivyo kila mara Davis wa asilimia 27 anasimama nje na kurusha, timu pinzani inasema asante. Lakini shuti la tatu ukiingiza asilimia 38, linakupa 1.14. Hapo sasa wapinzani lazima watoke wamfuate, na wakitoka, njia ya LeBron ama Luka ama nani kuingia ndani inafunguka.

Sasa sikia historia ya Davis kutoka nje. Kwenye ile kambi ya Orlando wakati wa Corona, mechi za mtoano za 2020, aliingiza asilimia 38.3 za pointi tatu. Huyo ni namba 4 wa ndoto. Anasimama nje na bado ni hatari. Lakers wakabeba kombe. Halafu misimu iliyofuata: 26.0, kisha 18.6, kisha 25.7, kisha 27.1, kisha 28.2. Miaka 5 mfululizo chini ya 30.

Ukiniuliza mimi, jibu la swali lote limelala hapo. Davis wa 38 anaweza kucheza kando ya senta yeyote. Davis wa 27 akisimama nje kando ya Lively ama Gafford, ambao wote hawarushi kutoka mbali, una watu wawili ambao hakuna mtu anahangaika kuwakaba huko nje. Wakabaji wao wote wanajazana ndani kama matatu ya Githurai saa moja jioni. Nani atapita hapo? Na kumbuka hiyo dili ilimtoa Luka, yaani yule msee angeweza kupitisha mpira kwa hiyo jam.

Harrison alinunua namba 4 wa mwaka 2020. Bili ikaja ya 2025.

Na mwili je?

Hoja kubwa ya Davis ni kwamba namba 5 inamvunja mwili. Inasikika poa. Kupigana na watu wa kilo 120 kila usiku si mchezo. Tuangalie mechi alizocheza basi. 2020-21, mechi 36. 2021-22, mechi 40. 2022-23, mechi 56. Na 2023-24, akiwa senta wa kudumu, mechi 76, ambazo ndizo nyingi zaidi kwa maisha yake yote ya NBA.

Na ule mwaka wa mechi 36? Huo Lakers walikuwa na Marc Gasol, Montrezl Harrell na baadaye Andre Drummond, wote wa kumbebea kazi ya usenta. Bado alivunjika.

Je, hiyo inathibitisha kwamba namba 5 inamweka mzima? Hapana, wasee. Mwaka mmoja mzuri ni mwaka mmoja mzuri. Mtu anaweza kuumia kwa sababu mwenzake amemwangukia goti, na hiyo haijui kama ulikuwa 4 ama 5. Kile naweza kusema ni kwamba mwenye anadai namba 5 ndiyo inamuumiza hana takwimu za kumsimamia. Alipofika Dallas alicheza mechi 9 za msimu wa kawaida wa 2024-25, na msimu wa 2025-26 alikuwa amecheza 5 kabla ya mguu kumletea ngori tena tarehe 29 Oktoba. Na Dallas walimleta awe namba 4. Miaka 32 ni miaka 32.

Takwimu ya maana, na mitego yake

Makocha na watu wa hesabu ndani ya timu hawaangalii pointi kwa mechi. Wanauliza: Davis akiwa senta, timu inafunga ngapi na kufungwa ngapi kwa kila zamu 100 za kushambulia? Na akiwa namba 4? Kwa nini zamu 100 na si dakika? Kwa sababu timu zingine zinakimbia na zingine zinatembea. Ukihesabu kwa zamu, wote mnapimwa na debe moja.

Tuseme, na hizi ni namba za mfano tu, si zake. Akiwa 5, timu inafunga 115 na kufungwa 108, yaani plasi 7. Akiwa 4, inafunga 112 na kufungwa 109, plasi 3. Umeshajibu swali? Bado. Uliza kwanza: hizo dakika za 5, alikuwa na nani? Kama makocha humweka senta dakika za mwisho pamoja na LeBron na wale wanne bora, basi hiyo plasi 7 ni ya LeBron pia. Na hizo dakika za 4, labda ni za kuanza mechi dhidi ya wale watano wakali wa wapinzani. Unalinganisha supu na chai.

Ndio maana watu wa hesabu hutafuta kikosi kinachofanana: wenzake wanne walewale, wapinzani wa kiwango kilekile, kitu kimoja tu kinabadilika. Na ukichuja hivo, dakika zinaisha haraka. Unaweza kuanza na msimu mzima ukabaki na dakika chache hadi mtu mmoja wa wapinzani akipata usiku mzuri wa kurusha tatu, jibu lako linapinduka.

Mfano mzuri wa huo mtego ni mechi ya kwanza ya Davis akiwa Dallas. Tarehe 8 Februari, dhidi ya Houston Rockets, Gafford akiwa senta na Davis namba 4. Kwa dakika 31 aliweka pointi 26, ribaundi 16, asisti 7 na kublock 3. Maze, watu walianza kumwomba Harrison msamaha. Ile ilikuwa dakika 31 bora kabisa za ushahidi kwamba Davis ni namba 4. Halafu akaumia nyonga robo ya tatu, na hatukupata dakika ya 32 kwa wiki nyingi. Dakika 31 haziwezi kubeba dili ya Luka. Haziwezi kubeba hata bet ya mia mbili.

Wenye tayari wamepitia hii

Davis si wa kwanza. Denver walikuwa na hii shida mwaka wa 2016. Walikuwa na vijana wawili wakubwa, Nikola Jokić na Jusuf Nurkić, wote masenta, wote wazuri, na kocha Mike Malone akaona ni poa kuwaanzisha pamoja. Haikubamba. Jokić akaishia kutoka benchi kwa muda. Tarehe 15 Desemba 2016 Malone akamweka Jokić senta peke yake dhidi ya Portland, akamwachia shamba. Kuanzia hapo mashambulizi ya Denver yakawa kati ya makali kabisa kwa ligi nzima. Nurkić akauzwa Portland Februari iliyofuata. Jokić akachukua MVP 2021, 2022 na 2024, na kombe 2023. Huyo ni msee alichaguliwa namba 41, na ilibidi timu isome namba zake vizuri ili ijue imeokota nini.

San Antonio nao walifanya yao na Victor Wembanyama. Msimu wake wa kwanza, 2023-24, kocha Gregg Popovich alianza akiweka Zach Collins senta, Wembanyama namba 4, na Jeremy Sochan, ambaye ni fowadi, akimgeuza pointi gadi. Sababu iliyosemwa na wengi ilikuwa kumlinda kijana mwembamba asigongwe. Katika hicho kipindi Spurs walipoteza mechi 18 mfululizo, rekodi mbaya ya klabu. Desemba Popovich akamhamisha Wembanyama akawa senta, baadaye Tre Jones akapewa usukani, na kijana akalipuka. Alimaliza akiongoza ligi kwa kublock, 3.6 kwa mechi, na kura zote za mchezaji bora mgeni zikaenda kwake. Mwili ulikuwa uleule mwembamba. Alichopata ni uwanja mpana wa kufanya kazi.

Sasa cheki hii sinema. Mechi ya kwanza ya Dallas msimu wa 2025-26, tarehe 22 Oktoba, wapinzani walikuwa Spurs. Dallas wakaanza na majitu: Lively senta, Davis namba 4, P.J. Washington, na kijana Cooper Flagg. Wembanyama akawadunga 40 na ribaundi 15. Spurs 125, Dallas 92. Mechi moja haithibitishi kitu, nimekwambia hapo juu. Lakini kama ungetaka kuchora picha ya urefu bila nafasi, ungechora hiyo.

Na kuna upande mwingine, usidhani nampaka Davis matope. Kombe la 2020 lilishindwa na timu iliyoanza karibu msimu wote na senta mwingine kando yake, na ukabaji wao ulikuwa wa tatu kwa ligi. Hiyo namba 4 ilifanya kazi. Lakini fuata stori hadi mwisho. Mechi ya 6 ya fainali, tarehe 11 Oktoba 2020, dhidi ya Miami Heat, kocha Frank Vogel alimtoa Dwight Howard kwa watano wa kuanza, akaingiza Alex Caruso ambaye ni gadi, na Davis akawa senta. Kufika mapumziko Lakers walikuwa mbele 64-36. Mechi ikaisha 106-93, kombe likaenda. Vogel alikuwa amejua mwaka mzima: anza na 4 kumtunza Davis, maliza na 5 ukitaka kushinda.

Na Desemba 2023, fainali ya ile michuano ya katikati ya msimu, Davis akiwa senta aliwafanyia Indiana Pacers pointi 41 na ribaundi 20. Sijui nini tena mtu anataka kuona.

Mambo yako wewe

Harrison alipotoka, Dallas iliendeshwa kwa muda na Michael Finley na Matt Riccardi, na walikuwa na swali lingine la aina hiyohiyo. Mei 2025 walipata bahati ya ajabu, nafasi ya asilimia 1.8 tu, wakashinda droo na kumchukua Cooper Flagg. Wakati huo alikuwa kijana wa miaka 18, karibu futi 6 na inchi 9. Kyrie Irving alikuwa majeruhi, kwa hivyo kocha Jason Kidd akamwanzisha msimu kama pointi gadi. Mashabiki walilia kwamba anaharibiwa. Mechi zilikuwa 11. Kwa mechi 11 huwezi kujua kitu kuhusu kijana wa 18, mbali na kwamba anachoka. Lakini unaweza kuangalia vitu ambavyo havihitaji muda mrefu: mashuti yake yanatoka wapi, anapoteza mpira wapi, na anakabwa na nani. Hivyo hubadilika namba ikibadilika, hata kabla pointi hazijabadilika.

Na hii ndiyo sababu nimeiandikia wewe. Mtaani kwetu namba inagawanywa na rula. Ukiwa mrefu, unapelekwa chini ya ringi ukiwa Form 1 na hakuna mtu anakuuliza tena. Ukiwa mfupi, wewe ni namba 1 hata kama hujui kupiga pasi. Msee anamaliza shule na hajawahi kudribo mbele ya kocha, halafu anafika ligi kubwa anapata masenta wa futi 6 na inchi 10, yeye ana 6 na 4, na hakuna kitu kingine anajua kufanya. Scholarship imepita hapo.

Huhitaji kompyuta ya NBA kufanya kitu. Chukua counter book na mtu mmoja wa benchi mwenye haboeki haraka. Kila mara kocha anapobadilisha mtu, andika matokeo yalivyo na andika nani watano wako ndani. Mwisho wa mechi, jumlisha: Otis akiwa namba 4 tulifunga ngapi, tulifungwa ngapi, kwa dakika ngapi. Akiwa 3 je? Fanya mechi 10, si 2. Ile mechi mlichapa timu iliyokuja na watu sita na mmoja amevaa sandals, itoe kwa hesabu. Na usimwonyeshe kocha pointi za Otis, mwonyeshe tofauti ya timu, kwa sababu kocha yeyote anaweza kupinga pointi, lakini kupinga matokeo yake mwenyewe ni ngumu kidogo. Kama tofauti ni ndogo, achana nayo, inaweza kuwa upepo tu. Kama ni kubwa na inarudi kila wiki, hapo kuna kitu.

Kuhusu Davis pale Dallas, mimi jibu langu lilikuwa namba 5 akimaliza mechi, na namba 4 robo ya kwanza tu kama Lively angekuwa mzima na kama lile shuti la mbali lingerudi. Ukirudia mechi zake za Dallas, usiangalie pointi zake. Angalia dakika 5 za mwisho za mechi iliyo karibu, uone kama Lively ama Gafford alikuwa ndani naye au alikuwa amekaa benchi na taulo. Kidd alicheza NBA miaka 19, hangeweza kudanganya hizo dakika.